Saa ya hadithi maktabani: namna ya kuwasimulia watoto wadogo habari za mkoa wao wa Kigoma

Mara ya kwanza nilipokaa na watoto wa chekechea maktabani kuwaeleza habari za mkoa wao, nilianza na ramani. Niliitundika ukutani, nikashika fimbo: hii ni Kibondo, hii Kakonko, hii Kasulu, Buhigwe ile pale mpakani, Uvinza kule kusini, na sisi tuko hapa, Kigoma Ujiji. Watoto walinitazama kwa adabu. Kisha binti mmoja wa miaka minne hivi akauliza, "Bibi yangu yuko wapi hapo?"

Bibi yake yuko Kasulu. Nilimwonyesha kidoti. Akakikazia macho, akanitazama mimi, akarudi kuketi. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Mtoto wa miaka mitatu mpaka sita hajui mkoa ni kitu gani. Anamjua bibi. Anajua harufu ya dagaa walioanikwa, honi ya treni, mafuta mekundu ya mawese kwenye sufuria, na maji yasiyoonekana mwisho wake. Tangu siku ile naanza na vitu ambavyo mtoto ameshavinusa na kuvishika, na ramani inakuja mwisho kabisa. Hatua zifuatazo zimetokana na hapo.

Hatua ya 1: Ongea na watu kabla ya kugusa karatasi

Mwone mkutubi. Muulize ni siku gani maktaba ina nafasi, na kama watoto wanaruhusiwa kuimba. Usilione swali hili ni dogo. Wanafunzi wa sekondari wanaojisomea mtihani chumba cha pili wana haki yao ya utulivu, na saa ya hadithi bila nyimbo haiendi. Penye veranda au mti wa kivuli, omba hapo.

Halafu uliza saa. Kwetu, hasa upande wa Ujiji, watoto wengi wanakwenda madrasa, na Jumapili wengine wako kanisani. Usipange kipindi kwa kubahatisha. Waulize walimu wa chekechea na walimu wa madrasa, watakwambia saa ambayo watoto wako huru. Mimi nilipata Jumamosi saa nne asubuhi, jua halijawa kali na mama amekwishatoka sokoni.

Waambie wazazi waje na wao, au ndugu mkubwa aje. Mtu mmoja hawezi kuangalia zaidi ya watoto 20 wa umri huu. Ikiwa unataka kupiga picha, omba ruhusa ya kila mzazi hapo hapo, na anayekataa usimsumbue.

Hatua ya 2: Jambo moja kwa kipindi kimoja

Kigoma ni kubwa, na ukipenda mahali unatamani kusema yote. Jizuie. Kipindi kimoja kibebe jambo moja tu. Mimi huzunguka kwenye haya: ziwa na dagaa, meli ya Liemba, treni ya mwisho wa reli, sokwe wa Gombe na Mahale, michikichi na mawese, chumvi ya Uvinza, ngoma na hadithi za Waha. Hapo una miezi kadhaa ya kazi ukikutana na watoto kila wiki mbili.

Watu wazima wengi wataniuliza mbona sijataja mwembe wa Ujiji, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ni historia yetu na makumbusho yapo, lakini kwa mtoto wa miaka minne ni habari ya wazee wawili wageni waliosalimiana. Wasubiri wafike darasa la tatu. Habari ya misafara ya watumwa iliyopita Ujiji ndiyo kabisa siianzishi kwa watoto hawa. Mtoto akiuliza mwenyewe, kwa sababu amesikia nyumbani, mpe jibu fupi la kweli: zamani watu waliwafunga watu wenzao na kuwauza, ilikuwa dhuluma, na ikakomeshwa. Kisha mpe nafasi aseme anachofikiri.

Kwa kipindi cha kwanza chagua ziwa. Hakuna mtoto wa mjini Kigoma asiyelijua, na litakusaidia hata ukikosea mengine.

Hatua ya 3: Tengeneza kitabu chako

Usikae ukisubiri kitabu cha watoto chenye dagaa wa Kigoma ndani yake. Tengeneza. Unahitaji karatasi 6 za manila, maka peni, penseli, uzi mnene na sindano ya kushonea magunia. Kunja kila manila katikati, zipange moja ndani ya nyingine, shona kwenye mkunjo. Umepata kitabu cha kurasa 24, kikubwa kiasi cha kuonwa na mtoto aliyeketi nyuma.

Picha moja kila ukurasa, maneno machache, herufi nene. Usijali kama hujui kuchora. Chora mtumbwi wa mistari mitatu, wao watakwambia ni mtumbwi. Ukiwa na kijana anayechora vizuri mtaani, mpe kazi hiyo na uandike jina lake kwenye jalada. Acha kurasa nne za mwisho wazi, nitaeleza sababu baadaye.

Hatua ya 4: Kusanya vitu vya kushika

Kwa kipindi cha ziwa nabeba: dagaa wakavu kwenye bakuli, kipande cha wavu, taa, kitenge kikubwa cha bluu, na uzi wa sentimita 147.

Uzi huo ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, ni la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Namba hiyo haimwambii mtoto lolote. Lakini ukiamua kwamba sentimita moja ni mita kumi, kina chote kinaingia kwenye uzi wa sentimita 147. Mtoto wa miaka mitano akisimama chini ya kichwa cha uzi, haufikii. Funga jiwe dogo chini, na juu kabisa bandika mtumbwi wa karatasi mdogo kama ukucha. Kisha paka rangi ya kijani sentimita 10 za juu. Hapo ndipo samaki wanapoishi upande wetu wa kaskazini, mita 100 hivi. Chini yake maji hayana hewa ya oksijeni ya kutosha samaki. Waambie watoto wanyamaze na watazame sehemu yote iliyobaki bila rangi, giza tupu mpaka kwenye jiwe. Watanyamaza kweli.

Wakubwa kidogo wapeleke nje. Kwa kipimo kile kile, urefu wa ziwa, kilomita 670 hivi, unakuwa mita 670. Upana wake ni mita 50 hivi tu kwa wastani. Wahesabishe hatua zako ndefu 50 kutoka mlangoni, waambie tumevuka mpaka Kongo. Kisha waonyeshe mahali palipo mbali barabarani, mti au duka wanalolijua kama mita 670 hivi, waambie huko ndiko Zambia. Sijaona ramani inayofundisha umbo la ziwa letu vizuri kuliko matembezi hayo.

Hatua ya 5: Panga dakika

Dakika 40, zisizidi 45. Mimi nagawa hivi:

- Dakika 5: kuketi mkekani, kusalimiana, kila mtoto kutaja jina.
- Dakika 5: vitendawili na kushika vitu.
- Dakika 10: hadithi.
- Dakika 7: mchezo wa mwili.
- Dakika 10: kuchora au kutengeneza kitu.
- Dakika zinazobaki: kula na kuagana.

Mgawanyo huu utavunjika, uache uvunjike. Wakinogewa na kitenge, hadithi itasubiri. Kitu kimoja tu usikiguse: kusiwe na dakika 15 mfululizo ambazo mtoto amekaa bila kujibu, kuimba wala kusimama.

Kwa chakula, muhogo wa kuchemsha au ndizi mbivu vinatosha. Karanga nzima usiwape wadogo, zinapalia. Na maji ya kunawa yawepo kabla na baada, hasa siku ya dagaa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika nusu saa kabla. Tandika mkeka, ficha vitu vyote kwenye kapu, funika kwa kanga. Kapu lililofunikwa linavuta watoto kuliko tangazo.

Anza na vitendawili viwili vitatu, tena uvitunge kwa mambo ya hapa. "Kitendawili!" "Tega!" "Mdogo wa fedha, usiku anafuata taa, mchana analala mchangani." Watataja dagaa kabla hujamaliza, na ndipo unapofunua bakuli. Wape wanuse. Yule anayeziba pua mwache azibe, naye ni mtoto wa Kigoma.

Kisha hadithi. Hii ndiyo ninayoisimulia kipindi cha kwanza, ichukue na uibadilishe upendavyo. Kabla ya kuanza wafundishe kiitikio: wewe unasema "Taa, taa, waka!" na wao wanaitikia "Dagaa, dagaa, njooni!"

*Hadithi, hadithi! (Hadithi njoo!)*

*Palikuwa na taa iliyoishi Katonga. Kazi yake ilikuwa moja: jua likizama inakwenda ziwani na baba yake Asha. Usiku mmoja wakafika mbali, baba akasema: Taa, taa, waka! (Dagaa, dagaa, njooni!) Dagaa hawakuja.*

*Taa ikaongeza mwanga. Taa, taa, waka! (Dagaa, dagaa, njooni!) Akaja mmoja, akatazama, akaondoka zake.*

*Taa ikainua macho. Huko juu mwezi umejaa, mviringo kama sinia, ziwa zima linang'aa. "Ewe mwezi, mbona unaniitia dagaa wangu?" Mwezi ukasema, "Mimi simwiti mtu. Naangaza tu. Lakini dagaa wakiona nuru kila mahali, waifuate ipi?"*

*Baba akapiga kasia, akarudi na wavu mkavu. Siku ya pili hakwenda ziwani. Alikaa chini ya mwembe akishona wavu uliotoboka. Jioni Asha akatoka uani, akauambia mwezi: "Mwezi, shikamoo. Baba yangu atakwenda lini?"*

*Mwezi ukasema, "Marahaba, Asha. Nipe siku chache. Kila siku nitachelewa kutoka."*

*Kweli. Siku ya kwanza mwezi ulitoka chungu kikiwa bado jikoni. Siku ya pili ulitoka Asha akinawa mikono baada ya kula. Siku ya tatu ulitoka Asha anasinzia. Siku ya nne Asha alisubiri, akasubiri, akalala, na mwezi haujatoka. Nje giza, pii!*

*Baba akachukua taa. Taa, taa, waka! (Dagaa, dagaa, njooni!) Akaja mmoja. Wakaja wawili. Wakaja kumi. Maji yakachemka kwa dagaa. Asubuhi Asha alipofungua mlango, mchanga wote ulikuwa wa fedha.*

*Hadithi yangu imeishia hapo.*

Kila kitu kwenye hadithi hii ni cha kweli, isipokuwa kwamba mwezi haujibu salamu. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi na kushona nyavu, na mwezi ukishajaa huchelewa kutoka kama dakika 50 kila siku. Mtoto wa mvuvi anayajua haya, na siku hiyo atakuwa mwalimu. Mpishe. Mara moja kijana mdogo alisimama akanisahihisha kwamba siku hizi baba yake hatumii karabai, anatumia taa za betri. Nikabadilisha picha kwenye kitabu mbele yao.

Baada ya hadithi wainue. Akina mama wanashika kitenge cha bluu kwa pembe nne na kukitikisa, mawimbi hayo. Watoto ni dagaa, wanapita chini. Mmoja ana taa. Taa ikiinuliwa wote wanakimbilia huko, ikifunikwa wanatawanyika. Kisha waketi wachore samaki, na kila mmoja aseme anakula dagaa namna gani kwao. Hapo utasikia ya kukaangwa, ya mawese, ya kwenda na ugali wa muhogo, na bishano zuri litatokea.

Vipindi vinavyofuata

*Liemba.* Hii ni hadithi ambayo watoto wanaiomba tena na tena, kwa sababu meli inazama na inarudi. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaletwa kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ikaitwa Graf von Goetzen. Vita ilipowaelemea mwaka 1916, Wajerumani wenyewe waliizamisha, ila kwanza walizipaka injini zake grisi ili zisile kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa mtoto acha miaka na vita, shika mambo matatu: makasha, kuzama, kuibuka. Waletee maboksi ya maziwa, wayaunganishe kuwa meli, waizamishe kwenye beseni, kisha waivute kwa kamba. Waulize kila safari: kwa nini injini haikuharibika? Watapiga kelele, "Grisi!"

*Sokwe.* Anza na swali, "Sokwe ana mkia?" Nusu watasema ndiyo. Hana, na hapo ndipo anapotengana na tumbili na nyani. Gombe iko kilomita kama 16 kaskazini ya mji na unakwenda kwa boti tu. Mahale iko kusini, wilaya ya Uvinza. Kila jioni sokwe hutandika kitanda cha matawi juu ya mti, na mtoto anayegoma kulala nyumbani atalikumbuka hilo. Wasimulie kwamba tarehe 14 Julai 1960 dada wa miaka 26, Jane Goodall, alifika Gombe pamoja na mama yake, akakaa kimya msituni mpaka sokwe wakamzoea, na mwaka ule ule akamwona sokwe akiingiza ukoka kwenye kichuguu na kuutoa umejaa mchwa. Watoto wangu walifurahi zaidi kusikia kwamba mama yake alikwenda naye. Kwa mchezo, mpe kila mtoto kijiti chake safi, avue uji mzito kutoka kwenye kikombe chenye mdomo mwembamba. Wengine hutumia asali. Ukifanya hivyo, mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyekuja mgongoni kwa mama asionjeshwe, asali ni hatari kwake.

*Chumvi ya Uvinza.* Watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi zile kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Weka maji ya chumvi kwenye sahani dirishani mwisho wa kipindi kimoja, kipindi kijacho maji yamekwenda na chumvi imebaki. Usieleze, waache waione wenyewe.

*Mawese* ni kipindi cha kushika chikichi, kuona mafuta mekundu na sabuni. Waambie wazazi mapema wasiwavishe nguo nyeupe.

*Treni* ni rahisi kuliko vyote: foleni ya watoto, mikono mabegani, na majina ya vituo kwa mdundo, Dar, Morogoro, Dodoma, Tabora, Uvinza, Kigoma, mwisho wa reli, wote chini!

Hatua ya 7: Mwite bibi

Angalau kipindi kimoja usisimulie wewe. Tafuta bibi au babu anayejua hadithi kwa Kiha, mfuate nyumbani, mweleze kwa heshima unachotaka, na umpangie usafiri. Asimulie kwa Kiha kwanza, kisha wewe au mjukuu wake mtie Kiswahili. Usimkatishe kutafsiri kila sentensi, hadithi itakufa. Watoto wa mjini wasiojua Kiha wanafuata sauti na mikono, nimeshangazwa na wanavyoelewa.

Lakini kumbuka mkekani hawakai Waha peke yao. Wapo Wamanyema, Wabembe, Watongwe, watoto ambao mama zao walivuka ziwa kutoka Kongo au mpaka kutoka Burundi, na mtoto wa polisi aliyehamishwa kutoka Mbeya mwezi uliopita. Ukisema "sisi Waha" umewatoa nje nusu ya watoto. Sema "sisi wa Kigoma", na uwaulize kwao wanamwitaje bibi, wanaliitaje ziwa, mboga ya muhogo ni kisamvu au sombe. Mtoto mgeni mpe kazi ya kushika taa siku yake ya kwanza.

Hatua ya 8: Ramani

Sasa unaweza kuileta, ila isiwe ya dukani. Baada ya vipindi vitano au sita, tandaza manila nne zilizogundishwa pamoja sakafuni. Chora ukingo wa mkoa kwa penseli, paka ziwa bluu upande wa magharibi. Watoto waweke vitu: dagaa mkavu kwenye ziwa, boksi la Liemba bandarini, kijiti cha sokwe Gombe na kingine Mahale, chumvi kidogo Uvinza, uzi mweusi wa reli unaoingia kutoka mashariki. Kisha kila mmoja achore uso wa ndugu yake na kuuweka mahali anapoishi. Wasio na ndugu ndani ya mkoa wauweke pembeni na wachore mshale, kwenda Mbeya, kwenda ng'ambo ya ziwa.

Yule binti wa swali la mwanzo alichora bibi mwenye kilemba chekundu. Aliniuliza Kasulu ni wapi, nikamwonyesha, akambandika mwenyewe na kumpigapiga kwa kiganja ili gundi ishike.

Zile kurasa nne zilizo wazi kwenye kitabu ni za siku hiyo. Waambie watoto waseme wanachotaka kiandikwe, uandike maneno yao kama walivyoyasema bila kuyanyoosha, na usome kwa sauti. Kitabu kibaki maktabani kwenye rafu ya chini, wanapofika kwa mikono yao. Kabla ya kufunga mlango, andika kwenye ubao tarehe ya kipindi kijacho na jina la hadithi, kwa sababu Jumatatu watapita hapo na wazazi wao wakiuliza.